Mizani ya Musonoi na resori za tata Yav

Mado mwanangu,

Kuanzia hapa Kolwezi hadi Musumba hakuna fundi anayenifikia. Niletee jeep iliyoinamisha pua kama nguruwe anayetafuta mihogo, nitaizunguka mara moja, nitaiuliza mambo mawili matatu, na kesho yake itasimama wima kama bwana harusi. Ukinitolea kiboko ndani ya Lualaba ukaniambia, tata, baba yangu, huyu analemea mbele, nitamvalisha resori, zile springi za gari, na atafika Sandoa bila tumbo lake kugusa chini. Anayebisha aje garajini. Mi niko kila siku ila siku ya Mungu, na hata siku ya Mungu nafungua baada ya misa, mtu akinililia vizuri.

Unacheka. Mama yako angekukuta unacheka peke yako huko Lubumbashi angesema umerithi kichwa changu, na hiyo ni sifa, hata yeye akiisema kama ugonjwa.

Sasa ni saa kumi ya mchana, uko ndani unapiga pasi nguo za safari, nami niko garajini nimegeuza ndoo nimekalia, kitabu cha faktura ndicho karatasi yangu. Barua hii nitaificha katikati ya nguo zako, chini ya ile gauni ya kijani, maana najua utaitoa ukifika tu. Mambo ya maji ya kuchemsha, ya kufunga mlango mara mbili na ya vijana wa Lubumbashi wenye viatu vinavyong'aa, mama yako ameshayasema kuanzia Pasaka. Mi nakuandikia juu ya resori. Usikunje uso. Nina sababu.

Sababu ni fomu yako ya institut, kile chuo cha Lubumbashi. Jana niliiona mezani. Jina lako umeandika. Jina la baba umeandika, na hata hukulikosea, asante. Mahali pa section, yaani fani utakayosomea, hukuweka kitu. Mwalimu wako wa hesabu alitembea mpaka kwetu, jua kali namna ile, kusema uandike mekaniki. Mama yako anataka sekretariati, kwa sababu sekretariati haina grisi. Na wewe ukamjibu mama yako jikoni, nami nilikuwa chini ya dirisha nanawa mikono, nikakusikia:

"Mama, hesabu yangu ililalishaka batu mu pori. Nitaandika tu sekretariati."

Kwamba hesabu yako iliwalaza watu porini, ulisema polepole, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Kesho kutwa utasimama kwenye gishe, lile dirisha la kuandikishwa, na ile fomu. Kwa hiyo mi nina leo tu.

Nianzie mbali kidogo. Nikiingia moja kwa moja nitakimbia.

Ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, nikichimba madini Musonoi na vijana wengine kutoka kila kona ya Congo, tunashuka shimoni tukiwa weusi na kupanda tukiwa rangi ya udongo. Nilikuwa mzuri, usiamini wanaosema vingine. Nilibeba gunia moja begani na jingine kwenye mdomo wangu, maana nilisema kuliko nilivyochimba. Siku mama yako aliponipa wewe mikononi, uliniangalia kama mteja ambaye gari lake halijaisha na siku ya kulichukua imefika. Hukulia. Uliangalia tu. Wiki ile ile niliacha mashimo nikaenda kuosha vyuma kwa fundi mmoja mzee wa cité, kule mtaani, miaka minne, mpaka akaniachia ufunguo wa kwanza wa kufungulia nati. Watu huuliza nani alinitoa chini ya ardhi. Ni yale macho. Sijawahi kukuambia asante kwa hilo, kwa hiyo iko hapa, imeandikwa, usiipoteze.

Ulikua ndani ya garaji. Ulijua jina la kila ufunguo kabla ya kujua majina ya shangazi zako. Na ulikuwa na ile tabia mbaya ya kuuliza. Ukiwa na miaka kumi na tatu ndipo alipokuja tata Yav.

Unamkumbuka tata Yav, mtu wa Sandoa, mnene, mpole, anayeleta mahindi na unga wa muhogo na kurudi na sabuni na nguo. Jeep yake ilikuwa na motere ndogo ya petroli, injini iliyochoka kabisa. Siku moja alikuja na motere nyingine juu ya lori, dizeli ya silinda sita, kubwa kama jiko la padri. Akasema, fundi, ingiza hii. Na mi nikasema nitaingiza, na Alhamisi utaondoka. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti. Ulikuwepo, ulikuwa unakula ndizi. Ukauliza:

"Tata, hii inapita ile ya zamani kilo ngapi?"

Mafundi wote walicheka, na mi nilicheka kuwapita. Wakati ule sisi tulikuwa na njia yetu. Ukishaingiza motere nzito, pua ya gari inashuka. Basi unapanda juu ya pare-choc, lile bampa la mbele, unaruka mara tatu, unasikiliza kwa goti, halafu unachagua. Kama resori imelegea sana, unasukuma kipande cha mpira wa tairi katikati ya mizunguko yake, gari linapanda, mwenyewe anafurahi, anakwenda. Kufika kona ya pili ule mpira umeruka porini na gari limerudi kuinama.

Nikuambie kile nilichojifunza baadaye kwa shida, maana uko na haki ya kukijua kabla hujafika kwa maprofesa. Resori, kile chuma kilichozungushwa kinachoshika gari juu ya magurudumu, ina mambo mawili, na watu wengi wanaona moja. Liko la urefu, yaani gari linasimama juu kiasi gani likiwa limetulia. Na liko la ugumu, yaani chuma kinene kiasi gani, na kinakubali kubonyea kiasi gani uzito ukishuka. Resori ndefu lakini nyembamba itainua pua vizuri garajini, mtapiga picha. Ukifika kwenye korongo, inalala chini yote mara moja. Na ile nene kupita kiasi, iliyotengenezwa kwa gari lenye treuil, ile winchi ya kuvutia, na pare-choc ya chuma, ukiiweka kwenye gari lisilo na vitu hivyo, itamtikisa mtu mpaka meno. Kwa hiyo hupimi gari kwa macho. Unatafuta ni kilo ngapi umeongeza kwa mbele, halafu unatafuta chuma cha kilo zile.

Yote haya yalikuwa ndani ya swali lako la ndizi. Mi nilichukua mwaka mzima kuyafikia.

Lakini wiki ile ya ndizi nilikwenda kwa mama Charlotte, yule anayeuza resori za okazioni, zilizokwisha kutumika, nyuma ya soko, amezipanga ukutani, kila moja na alama ya rangi. Nikamwelezea ile motere kwa mikono, nikaimba hata sauti yake. Akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Fundi, uniletee kilo. Maneno yako niko nayo ya kutosha."

Ndiyo maana Jumamosi ile tulipakia zile motere mbili juu ya mukokoteni, ya zamani na mpya, tukasukuma mimi na wewe na mafundi wawili mpaka Musonoi, kwenye depo ya mnunuzi mmoja wa madini, kwa sababu pale kuna mizani kubwa ya chini, ile wanayopimia magunia ya wachimbaji. Mwenye mizani alinijua toka siku zangu za shimo. Alituruhusu. Wachimbaji waliokuwa wanangoja zamu wakaja kuangalia, wakaanza maneno yao, mmoja akauliza kama siku hizi nachimba motere, mwingine akasema ile motere ina asilimia nzuri ya kobalti.

Na wewe, kabla hatujashusha kitu, ukapanda juu ya mizani. Mtoto akiona mizani lazima apande. Wiki ile ile wauguzi walikuwa wamewapima masomoni, ulikuwa umekuja nyumbani ukijisifu kwamba umefika thelathini na nane. Ukasoma mshale. Ukashuka, ukapanda tena. Halafu ukasema, kwa ile sauti yako inayopita ukuta:

"Tata, hii mizani iko inaiba. Ku masomo niko trente-huit, hapa trente et un."

Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Walijua, bila shaka. Kila mchimbaji wa Musonoi anajua kwamba ile mizani inakula kabla ya mwenyewe kukaa mezani. Mi mwenyewe nilishapigania gunia pale pale, nikiwa kijana, nikapoteza jino moja ambalo mama yako anadhani nilipoteza kwenye mpira. Lakini uso wa mwenye mizani ulikuwa umekunjamana, na mi nilikuwa naomba msaada kwake, nikakuambia ushuke, unaaibisha watu.

Ulishuka. Ulitoa daftari lako la masomo na ukaandika. Tulipokuwa tunarudi, mukokoteni unalia gurudumu moja, ulinionyesha. Ulikuwa umeandika mistari miwili. Mstari wa juu: zile kilo kama mizani ilivyozisema, motere mpya inapita ya zamani kwa mia moja na kumi na tano. Mstari wa chini: zile kilo baada ya kurudisha zile zilizoibwa, ukitumia mwili wako kama kipimo, thelathini na moja dhidi ya thelathini na nane. Pale ulipata mia moja arobaini na moja. Ulipiga mstari chini yake mara mbili, kwa rula. Ulikuwa umeleta rula Musonoi. Ni nani huyo anayeenda Musonoi na rula?

Nikasema, ndiyo mama, nimeona.

Jumatatu ukaenda masomo, nami nikaenda kwa mama Charlotte na karatasi yako mfukoni. Nilimtajia namba moja kati ya zile mbili, akanipa resori mbili za manjano. Namba ipi, ngoja. Nimekuambia niache nizunguke, baba yako ni mwoga, hilo ni jambo jingine uliloshatambua bila kuniambia.

Alhamisi jeep iliondoka. Nisiwe mnyenyekevu bure: ile motere ilikuwa inaimba. Watu wa barabara walitoka kuangalia. Pua ilikaa juu, nzuri kabisa, na nikapiga picha.

Tata Yav alikaa Sandoa siku chache, halafu habari ikamfika kwamba kaka wa mama yake amefariki Musumba. Alipakia mama yake mzee, mahindi ya kilio, ndugu wanne, na wakaondoka, mvua ilikuwa imeanza. Katikati ya njia, mahali maji yalipokata barabara, jeep ilishuka ndani ya korongo na resori zikalala mpaka mwisho. Ponti ya mbele, ule mhimili unaobeba magurudumu, ikapanda na kugonga karteri, lile bakuli la mafuta chini ya motere. Karteri ikapasuka. Mafuta yote yakaingia kwenye tope. Walilala pale siku mbili. Yule mama mzee alifika Musumba juu ya mukokoteni wa baiskeli, na alikuta kaka yake ameshazikwa. Yule mama ndiye mdogo wa marehemu pekee aliyebaki hai, ndiye aliyetakiwa kumfunika. Akakuta udongo wa kaburi umeshakauka.

Najua unajua haya. Naandika kwa sababu sijawahi kuyaandika.

Tata Yav alirudi hapa kwa lori la watu, wiki tatu baadaye. Alisimama uani, hakuvua kofia. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kwangu kama angepiga.

"Fundi, siko nakuya kugombana. Uniambie tu: zile resori, ulichagulaka namna gani?"

Ulikuwa unatoka jikoni na beseni la mandazi. Nami nikamjibu:

"Ni mutoto njo aliandikaka hesabu. Mi nilifwataka tu."

Uliweka beseni chini. Uliangalia mandazi, halafu ukamwangalia yeye.

"Pardon, tata Yav."

Na yule mtu, ambaye mama yake alikuwa amekosa kumzika ndugu yake, akakuwekea mkono kichwani. "Haina neno, mama. Uko bado unajifunza."

Tangu siku ile hukuleta tena daftari garajini. Uliendelea kuja, uliendelea kunipa funguo, hukuninunia hata siku moja. Uliacha tu kuuliza.

Na sasa sikia jambo la ajabu. Katika miaka hii mitano jina langu limekua. Wanakuja kutoka Likasi, wanakuja kutoka Dilolo. Wanasema yule fundi wa Kolwezi hachagui resori bila kupima, na hapimi juu ya mizani yoyote bila kuijaribu. Ile njia ya bidon, ambayo vijana wote wa hapa sasa wanaiga, unaifahamu: unajaza bidon ya lita ishirini maji, unaiweka juu ya mizani kwanza. Maji hayadanganyi, lita ishirini ni kilo ishirini, na ya plastiki kidogo juu. Mizani ikisema kumi na saba, umeshajua inakula kiasi gani, unarudisha. Wananiita Profesa Bidon. Nami naitika. Siku nyingine naitika kabla hawajaita.

Mado, ile bidon ni wewe. Ni wewe umesimama juu ya mizani na viatu vya masomo. Niliweka maji mahali pako, nikaitia jina langu. Gari zote zilizosimama sawa katika mkono wangu zinasimama kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tatu hakukubali kupunguzwa kilo saba. Mkate tuliokula, bati la nyumba, hata tiketi yako ya kesho, vilitoka pale. Nakushukuru. Sijui kushukuru bila kujisifu, unaniona, lakini leo najaribu: asante, mama. Asante kwa macho, kwa swali, kwa rula. Asante kwa kuendelea kunipa funguo.

Ijumaa nilikwenda kumtafuta tata Yav sokoni, nikamwambia kile ninachotaka kukuambia wewe. Alimaliza kwanza kufunga gunia la unga aliloshika. Halafu akasema kwamba ule msamaha alimpa mtoto, na mtoto hakuuhitaji, kwa hiyo mi bado sijapewa kitu. Niende kwanza kwa mwenye daftari. Mama yake bado yupo hai. Likizo yako ya kwanza, kama utakubali, tutakwenda Sandoa pamoja nimpigie magoti. Nitaendesha mi, wewe utaniambia niende polepole.

Ndani ya bahasha kuna ile karatasi ya daftari lako. Ina grisi, ilikaa miaka mitano chini ya boksi la funguo. Iangalie, mistari yote miwili. Kanuni ya mama Charlotte ilikuwa hivi: manjano ni kwa motere iliyoongeza mpaka kilo mia moja na ishirini, kupita hapo ni nyekundu. Manjano alikuwa nazo ukutani. Nyekundu ilibidi kungoja wiki nzima zitoke Lubumbashi, na mi nilikuwa nimeshasema Alhamisi mbele ya watu. Tena nilijiambia, mi mchimbaji wa zamani, mjanja: mizani ya Musonoi inaiba madini, lakini motere si madini, watu wale wataiba kilo za motere kwa faida gani? Kama vile chuma cha mizani kinajua kuchagua nani wa kuibiwa.

Nilimtajia mama Charlotte mia moja na kumi na tano. Mstari wa juu. Ule wa mizani.

Hesabu yako ilikuwa ule wa chini, nao ulisema nyekundu. Ndizo nilizopeleka Sandoa kimya kimya baadaye, pamoja na karteri nyingine, ukiwa masomoni. Ziko chini ya jeep ya tata Yav mpaka leo. Imepita lile korongo mara ambazo hata yeye hahesabu tena, na haijagusa.

Watu wakiniuliza kosa langu kubwa nasema ni zile resori za manjano, tunacheka, namalizia na bidon. Lakini ile jeep niliitengeneza kwa siku mbili. Kilichoharibika kweli ni kile cha uani. Ulikuwa mlangoni umeshika beseni la mandazi, tata Yav akauliza, na mi nikanyoosha kidole upande wako. Sikuwa nimechanganya mistari. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, na nilijua ni upi niliofuata.

Baba yako